Piko Kutoka Kuze

Uthiru, 11 Mei 2025

Shangazi yangu mpenzi Zainab,

Assalamu alaykum warahmatullah. Mimi ni mzima, mume wangu Muzammil ni mzima, na naomba barua hii ikukute mzima hapo Kuze, wewe na baba na paka wako wasiojua kazi. Nilikupigia simu mara mbili na mara zote tulipigiana kelele tu, wewe ukiuliza "nani?" nami nikijibu "Abeer", mpaka Muzammil akacheka, akasema masikio yako yamechoka, bora niandike. Basi nitaandika. Barua nitazipeleka kwenye mabasi ya Mombasa, na wewe ukinitumia kifurushi utie jibu ndani.

Shangazi, kumbe ndoa ndiyo hii? Hukuniambia yote. Ulinifundisha kufukiza udi, kutandaza asumini kitandani, na kunyamaza mume anaporudi na njaa. Hukuniambia kwamba mtu anaweza kukaa dirishani akisikiliza viatu vya mumewe kwenye ngazi, na moyo ukamdunda kama anakwenda kufanya mtihani. Nyumba yetu ni chumba na sebule, ghorofa ya tatu, inatazama barabara ya Waiyaki na vumbi lake, lakini kwangu ni kasri. Muzammil anauza vitasa na makufuli katika duka la mjomba wake huko mjini. Akirudi mikono yake inanuka chuma, na siku hizi nikipita tu karibu na duka la vyuma naona haya peke yangu.

Lakini furaha hii inanitisha pia. Nikiamka kitu cha kwanza ni kunyoosha mkono nione kama bado yupo.

Sasa jambo lenyewe. Kuna shirika lina mpango wa kuwainua wanawake na vijana kwa biashara ndogo, na mimi nimechaguliwa. Tulifundishwa katika ukumbi wa kanisa huko Kinoo: kupanga bei, kumpokea mteja, kumsikiliza anayelalamika bila kukunja uso. Mwalimu wetu ni Bi Veronicah, ana sauti ya taratibu na macho ya polisi. Tukimaliza wanatupa kibanda katikati ya mji, ndani ya jumba la maduka, mwaka mzima bila kodi. Tuko watatu: Kamene ni wa kucha, Stellah ni wa nywele, na mimi ni wa hina. Sharti ni moja, nalo linanikosesha raha. Mmoja wetu akimdhuru mteja, tunatoka wote watatu. Nimeweka sahihi.

Watu wa huku wanataka nyeusi. Hina nyekundu wanasema ni kama kutu. Nitumie lile piko lako, hina yako nyeusi.

Mwanao anayekupenda,
Abeer


Kuze, Mombasa, 29 Mei 2025

Binti wa kaka yangu,

Waalaykum salaam. Sisi tuko. Baba yako Abdulfatah presha imeshuka, ubishi haujashuka. Mvua imetupiga juma zima na kuta zinanuka ukungu. Paka mmoja amezaa katika kikapu changu cha nguo.

Nimefurahi kwa kibanda. Nimefurahi kwa mume. Hayo ya viatu kwenye ngazi usinieleze tena, nilikuwa nakula.

Unga nimekutilia katika mfuko mweusi. Si ule wa zamani. Huu ananiletea Hemed wa dukani na unashika upesi, hauna haja ya kumkalisha mtu mpaka miguu ife ganzi. Changanya kidogo kidogo. Ukichanganya vaa mifuko ya nailoni mikononi. Usiulize kwa nini, vaa tu.

Mwandiko usiucheke. Kalamu ni mbovu.

Msalimie mkwe wangu. Mwambie akupe kufuli moja la mdomo.

Shangazi yako,
Zainab


Uthiru, 22 Juni 2025

Shangazi yangu wa moyo,

Assalamu alaykum. Tumepata kifurushi, na Muzammil amecheka ule utani wa kufuli mpaka machozi. Ameapa hataniletea, anasema sauti yangu ndiyo redio yake. Unaona mtu niliyepewa? Jana alinikuta nimechoka, akaniweka kitini, akapika chai mwenyewe. Alisahau sukari. Nilikunywa yote na sikumwambia.

Kibanda kimefunguka na kimejaa watu. Tuko ghorofa ya pili, kuta za kioo, upande mmoja jirani anauza mikoba, mwingine anatengeneza simu. Stellah ananicheka kutwa. Anasema, "Wewe Abeer, mteja akitoka hapa anajua jina la bwana yako, saizi ya kiatu yake na vile anakunywa chai." Kamene hacheki sana. Ana watoto na mama mgonjwa Machakos, na kibanda hiki kwake si mchezo. Kila jioni anafuta kioo kama anafuta uso wa mtoto.

Piko lako linashangaza. La zamani lilikuwa linakaa saa nzima ndipo lishike. Hili nikimaliza kidole cha mwisho, cha kwanza kimeshakuwa cheusi kama wino. Wateja wananiuliza nilijifunza wapi. Nawaeleza ulivyokuwa unaweka mkono wako juu ya karatasi ya daftari, unauzungushia penseli, kisha unaniachia ule mkono mtupu niujaze maua. Nikikosea unanipa mkono mwingine.

Bi Veronicah ametuwekea amri. Mteja yeyote wa piko lazima kwanza apakwe tone moja nyuma ya sikio, aende, arudi kesho ionekane kama ngozi imelikubali. Watu hawapendi. Na mimi, nikwambie kweli, naona vibaya. Piko limetoka kwako, wewe uliyewapamba maharusi wa mtaa mzima. Kulipima naona kama nakupima wewe. Wengine nawapaka tone, wengine naacha.

Lakini niambie, ile mifuko ya nailoni ni ya nini? Ulinifundisha kuchanganya kwa kidole, ukasema kidole kinajua kuliko kijiko. Na mwandiko wako, Shangazi. Umekuwa mkubwa, herufi zimelala kama zimelewa. Nilimwonyesha Muzammil, naye akasema hiyo si kalamu.

Wiki ijayo nampamba Shiru, binti wa Mzee Haron mwenye nyumba za kupangisha huko Kinoo. Harusi ni Jumamosi ya tarehe tano. Anataka maua kutoka kwenye vidole mpaka kwenye viwiko. Akitoka vizuri, Kinoo yote itakuja kwangu.

Abeer wako


Uthiru, 4 Julai 2025

Shangazi,

Assalamu alaykum. Hujajibu ile barua nyingine na siwezi kungoja. Naandika Muzammil akiwa msikitini. Nataka niwe nimemaliza kabla hajarudi, maana ninachoandika hakijui.

Shiru alikuja Jumanne. Msichana mzuri, mcheshi, aliketi mbele yangu akanipa mikono yote miwili kama mtu anayetoa zawadi. Nilimwambia nimpake tone arudi kesho. Akasema, "Aki Abeer, kesho niko kwa fundi wa nguo, kesho kutwa kuna wageni wanatoka Nyeri. Nipake tu leo. Kwani iko na kitu mbaya?"

Nikamjibu, "Hapana. Hii inatoka kwa shangazi yangu."

Ndivyo nilivyomjibu. Nikampaka. Sijawahi kuchora maua mazuri vile, na wakati wote nilikuwa namsimulia fungate yangu, tukicheka.

Jana asubuhi mama yake alikuja, Mama Hannah. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni akauliza, "Nani kati yenu alipaka Shiru?" Kamene akaacha chupa ya rangi ya kucha wazi mkononi. Nikasema ni mimi. Akasema, "Kuja uone."

Shiru alikuwa nyuma yake, amejifunika leso. Akaifungua. Shangazi, yale maua yamefura. Kila jani limeinuka juu ya ngozi, limejaa maji, kuanzia vidoleni mpaka kwenye viwiko, vilevile nilivyochora, hata nukta ndogo za katikati. Kosa langu lote limeandikwa kwa mkono wangu, linasomeka. Shiru akajaribu kunitania, akasema, "Maua yako yameota kweli." Halafu akalia.

Mama yake akaniambia, "Daktari anataka kujua ndani kuna nini."

"Sijui, Mama."

"Hujui? Na ulipaka mtoto wangu?"

Mzee Haron alikuwa anangoja chini ndani ya gari. Walipoondoka Kamene alifunga kibanda, kweupe, wateja wakiwa nje. Aliniuliza swali moja tu: "Ulimpaka ile tone ya kupima?" Nikatikisa kichwa. Hajasema nami tena.

Harusi ni kesho. Bi Veronicah amesikia. Naogopa kila kitu. Naogopa simu ikilia, naogopa ngazi. Viatu vilevile nilivyokuwa navisubiri kwa hamu, sasa nikivisikia najiuliza nitauficha wapi uso wangu. Muzammil ananiuliza kwa nini sili, nami namwambia ni joto, na Nairobi mwezi huu hakuna joto.

Nakuomba kitu kimoja tu. Niambie ndani ya ule unga kuna nini.

Abeer


Kuze, 19 Julai 2025

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Barua zako zote mbili zimefika. Sisi hatujambo. Baba yako amepata dawa mpya, anasema zinamkausha mdomo, nasi tumepumzika na maneno yake. Wale paka wadogo wamefungua macho. Mvua imekwisha, jua limerudi.

Pole kwa yaliyokukuta. Mwambie huyo binti apake mafuta ya nazi asubuhi na jioni, asijikune. Ngozi za watu wa bara hazijazoea mambo haya. Itatoka, atasahau.

Unga uliobaki utupe. Na usimwambie mtu ulitoka kwa nani. Si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya jina la nyumba yetu. Baba yako ni mgonjwa.

Kwa mumeo nyamaza. Ndoa bado changa.

Zainab


Uthiru, 27 Julai 2025

Shangazi,

Assalamu alaykum. Wazima sisi, na nimefurahi baba amepata nafuu. Umenieleza paka, umenieleza mvua. Nilichokuuliza hukunijibu, na nimeisoma barua yako mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo.

Sikuweza kunyamaza kwa Muzammil. Nisamehe, hilo sikuliweza. Jumapili iliyopita alikuwa amekaa mezani na kitasa kibovu alichokileta kukitengeneza. Nikamwambia yote nikiwa nimempa mgongo, naosha kikombe kilichokwisha kuoshwa. Nikangoja. Nilijua sasa ndipo ile furaha inaondoka, maana tangu mwanzo nilijua haiwezi kukaa. Nikasikia kitasa kinalia, tak, tak, anakijaribu. Kisha akasema, "Huo unga bado unao?" Nikasema ninao. Akasema, "Basi usiutupe. Tutaupeleka kwa daktari sisi wenyewe." Akaja akanifungia mfereji, maana maji yalikuwa yanamwagika na mimi sioni. Shangazi, kama nilikuwa nampenda, sijui sasa niite nini.

Tulikwenda kwanza Kinoo kuomba radhi. Mzee Haron alitufungulia geti mwenyewe. Harusi ilifanyika. Shiru alivaa glavu ndefu nyeupe mpaka kwenye viwiko, na mzee akasema, "Watu walidhani ni fashoni. Kuna mmoja ameuliza zinauzwa wapi." Hakucheka aliposema. Mama Hannah alitupa chai, hakukaa nasi. Shiru yuko kwa mumewe, malengelenge yamekauka lakini maua yamebaki, meupe juu ya ngozi. Daktari anasema huenda yakakaa miezi, huenda yasiondoke yote.

Daktari mwenyewe yuko Loresho, ni yule anayemtibu Shiru. Aliumimina unga kidogo kwenye karatasi akautazama, akasema ni dawa ya kutia nywele rangi, kali, haikutengenezwa kuwekwa kwenye ngozi. Akasema jambo lingine ambalo limeniondolea usingizi. Mtu akishadhurika nayo mara moja, mwili hauisahau. Kila akiigusa tena inamuumiza zaidi ya mara iliyopita. Halafu akaniuliza, "Anayeuchanganya na kuufunga huu unga, mikono yake ikoje?"

Nikafungua mdomo nimjibu kuwa wewe hujambo.

Nikakumbuka ile mifuko ya nailoni. Nikakumbuka mwandiko. Nikakumbuka siku ya harusi yangu, ulikataa kunipaka wewe, ukamwita Afnan wa jirani, ukasema macho yako yamechoka. Mimi nililia kidogo jikoni, nikadhani huna furaha nami. Na ulivaa zile glavu za satini usiku kucha, watu wakasema Bi Zainab amependeza.

Sasa sikia ninavyoogopa. Tarehe ishirini mwezi ujao tunaitwa ukumbini Kinoo, sisi watatu, mbele ya wasichana wapya wanaoingia mafunzo. Bi Veronicah ameniambia: "Nikiambiwa ni bahati mbaya, nafunga. Nataka uwaambie hawa wasichana ni kitu gani, kilitoka wapi, na kwa nini hukupima. Ukificha nusu, nafunga." Kibanda cha Kamene na Stellah kiko mdomoni mwangu. Na siwezi kuufungua bila kukutaja wewe.

Lakini hilo si la kwanza tena. La kwanza ni hili. Chukua karatasi. Weka mkono wako juu yake, uuzungushie penseli kama ulivyokuwa ukinifanyia, unitumie. Usiandike neno kama hutaki. Nataka kuuona mkono tu.

Na usiuguse tena ule unga. Nakuomba kwa jina la Mungu.

Abeer


Kuze, 12 Agosti 2025

Abeer,

Waalaykum salaam. Baba yako anakusalimu.

Ulitaka mkono. Huo hapo ndani, umekunjwa mara mbili.

Hemed nimemwambia asilete tena. Amekasirika. Na akasirike.

Pete ilikuwa haitoki, alinikatia sonara, mwezi wa Rajabu, kabla ya harusi yako.

Mimi hakuna aliyenifungulia kibanda wala kunifundisha kumpaka mtu tone nyuma ya sikio. Nilikuwa na vidole hivi tu, na watu walitaka nyeusi ya haraka. Wewe unacho kibanda. Wapelekee hao wa Kinoo hii karatasi, uwaambie ni ya nani. Jina langu lina herufi sita, halimvunji mtu mdomo.

Mengine usiniulize.

Zainab


Uthiru, 24 Agosti 2025

Shangazi yangu,

Assalamu alaykum. Sisi wazima. Muzammil anakusalimu, na yeye ndiye aliyeifungua karatasi, mimi nilikuwa siwezi.

Niliujua mkono wako vizuri kuliko uso wako. Nimeujaza maua mara ngapi, nikilala kifudifudi kwenye mkeka wako. Vidole vilikuwa virefu, vimechongoka kama mishumaa, na nilikuwa nachukia kidole cha mwisho kwa sababu hakikuwa na nafasi ya maua. Mkono uliokuja si ule. Vidole vimejaa katikati, kidole gumba hakifungiki, mstari unakatika na kuanza tena pale penseli ilipokushinda. Kwenye kidole cha pete kuna doa dogo la kahawia. Muzammil akasema labda ni chai. Sote wawili tulijua kuwa si chai.

Niliogopa kuipeleka. Nilikaa nyuma kabisa ukumbini, karatasi kwenye mkoba, Stellah kando yangu. Bi Veronicah aliponiita nilisimama, na yale maneno niliyoyapanga yote yakapotea. Nikaifungua tu karatasi nikaiinua. Nikasema: "Huu ni mkono wa shangazi yangu, Zainab wa Kuze, Mombasa. Ndiye aliyenifundisha kazi. Piko nililompaka Shiru lilitoka kwake, na ndani yake kuna dawa ya nywele. Sikulipima, kwa sababu niliona nikilipima nitakuwa nimemvunjia heshima. Laiti ningelipima tangu siku ya kwanza, ningeona linavyounguza, na ningejua mapema kwamba anaumwa."

Kisha msichana mmoja wa mbele, mdogo, kilemba cheupe, akauliza, "Na yeye sasa anapaka na mkono gani?" Nikaikunja karatasi. Nikakaa.

Kibanda hakikufungwa. Tumepewa miezi mitatu ya kutazamwa. Piko ni marufuku, ni hina safi tu na mafuta ya karafuu, na kila mteja tone kwanza. Mama Hannah alikuwepo, sikujua kama amealikwa. Wakati wa kutoka alinisimamisha, akaitazama karatasi, akasema, "Huyu mama aende hospitali." Hakusema amenisamehe. Kamene alinisubiri kwenye geti tukaondoka pamoja, na njiani akaniambia, "Kesho usichelewe, ni zamu yako kufuta kioo." Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu siku ile.

Wateja wamepungua. Wanaokuja wanalalamika kwamba ni nyekundu. Ninaogopa kila anayeketi mbele yangu, naangalia nyuma ya sikio lake kama mtu anayetazama ndani ya kisima. Bi Veronicah anasema woga huo niutunze, usiishe wote.

Sasa sikiliza, na hili usinijibu kwa habari za paka. Yule daktari wa Loresho amesema atakuona. Amesema vidole vikiwahiwa huwa vinarudi, si kama zamani, lakini vya kushika kijiko na kufunga kifungo. Hakuniahidi. Nilimtazama usoni nione kama ananipa moyo tu, nikashindwa kujua. Ijumaa Muzammil anakuja kukuchukua. Baba atakaa na mama yake Afnan, nimeshazungumza naye. Muzammil amekwisha kuweka kitasa kipya kwenye mlango wa sebule ili uwe na chumba chako, kitasa cha kubonyeza kwa kiwiko, hakina haja ya vidole. Alikichagua mwenyewe dukani, hakuniambia. Nilimkuta anakijaribu, mikono nyuma, anabonyeza kwa kiwiko, anaingia, anatoka. Nilisimama kwenye korido nikalia kwa kumpenda, na kwa kukuogopea.

Karatasi yako iko ukutani kibandani, juu ya meza yangu. Jana hapakuwa na mteja, nikachukua kalamu nikaanza kuijaza kama zamani. Nimeweka ua kubwa kwenye kiganja na majani kwenye kifundo. Vidole nimeviacha vitupu, mpaka nivione.

Mwanao,
Abeer